Mtu akiacha pombe baada ya miaka mingi, ubongo unarudi vipi: mwongozo kamili kwa sisi tunaomuuguza nyumbani

Kakangu alikunywa miaka 22. Alianza na mnazi mtamu mangweni (pale panapouzwa pombe ya mnazi) huko upande wa Ganda, Malindi, akiwa kijana wa nyavu, ikaja mnazi mkali, ikaja chang'aa, na mwisho alikuwa hawezi kushika kikombe cha chai asubuhi mpaka apate kitu kwanza. Sasa ni mwaka wa pili na miezi mitatu hajaonja. Naandika manake wakati ule mimi na mama na shemeji yangu tulikuwa tunapapasa gizani, kila mtu hapa mtaani anatuambia akiacha tu atakuwa sawa, na alipoacha hakuwa sawa, anasahau, ana hasira, analia bila sababu, hajui leo ni Jumanne ama Ijumaa, tukafikiria labda ameharibika kabisa, ama anatufanyia kusudi. Hakuna hata moja iliyokuwa kweli. Ubongo ulikuwa unajitengeneza, una ratiba yake, na hakuna aliyetupa hiyo ratiba. Kwa hivyo mimi nakupa wewe.

Kwanza elewa kinachoendelea kichwani

Fikiria mashua. Pombe ni nanga, inatuliza ubongo kwa kuzipa nguvu kemikali za kutuliza (kubwa yake inaitwa GABA) na kuzibana zile za kuamsha (glutameti). Mtu akinywa kila siku miaka na miaka, ubongo unachoka kukaa umelala, unapandisha matanga zaidi na zaidi ndio uweze kusonga na nanga yake. Ndio maana mlevi wa siku nyingi anakunywa kiasi ambacho wewe kingekulaza siku mbili na yeye anaongea tu. Sasa siku anaacha, nanga inakatwa mara moja lakini matanga yote bado yako juu. Chombo kinaruka. Kule kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kuona vitu, kuanguka kifafa, yote ni hayo matanga. Udhaifu wa moyo au wa imani haumo hapa.

Hatua ya 1: Usimwachishe ghafla nyumbani

Hii nitaikazania kuliko zote kwa sababu hapa ndipo watu wanakufa. Kama mtu wako asubuhi anatetemeka mpaka anywe, ama aliwahi kuanguka kifafa alipokosa pombe, ama aliwahi kuweweseka, usimfungie chumbani "akauke". Nenda naye kwa daktari au afisa wa kliniki KABLA ya siku ya kuacha, mpangiwe. Najua wako wanaofikiria kumfungia ndio mapenzi, na sisi tulifikiria hivo.

Masaa yanaenda hivi. Kutetemeka na wasiwasi huanza masaa 6 mpaka 24 tangu kinywaji cha mwisho. Kifafa mara nyingi huja kati ya saa ya 6 na ya 48. Halafu siku ya 2 mpaka ya 4, wakati nyinyi mnaanza kupumua mkisema yameisha, ndipo linakuja lile kubwa, kuweweseka kwa pombe, mtu ana homa, jasho linamtiririka, hajui yuko wapi, anaona wadudu ama watu, anapigana na hewa. Zamani kabla ya dawa hili lilikuwa linaua watu wengi sana, na siku hizi wakitibiwa mapema ni wachache wanaokufa, kwa hivyo hospitali ndio tofauti yenyewe.

Kwetu ilikuwa usiku wa tatu. Akawa anachuna kitu kwenye mkono wake, anachuna anachuna, nikamuuliza kaka unatoa nini, akanambia dagaa, dagaa wameingia ndani ya ngozi. Majirani wakasema ni majini, aitwe mtu asome. Mama akasoma, na mimi nikaita tuktuk, na namshukuru Mungu hatukubishana. Dua isomwe, lakini isomwe gari likiwa njiani.

Akianguka kifafa: mlaze ubavu, ondoa vitu vilivyo karibu, angalia saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimnusishe kitunguu, usimmwagie maji. Kifafa kikizidi dakika 5 au kikirudi kabla hajapata fahamu, hiyo ni mbio kabisa, na hata kile kifupi bado anaenda hosi siku hiyo hiyo.

Dawa inayotumika hosi ni za jamii ya diazepamu, zinashusha matanga polepole kwa siku chache. Usiende kununua mwenyewe duka la dawa ukampa ukikisia, manake zikikutana na pombe mwilini mtu anaweza kuacha kupumua usingizini.

Hatua ya 2: Vitamini B1, na muulize daktari kwa mdomo wako

B1 inaitwa pia thayamini. Ubongo unaihitaji kuchoma sukari ipate nguvu. Mwili unaweka akiba ndogo tu, ya wiki 2 au 3, na mlevi hali vizuri na hata akila pombe inazuia utumbo kuinyonya. Ikiisha kabisa, sehemu za katikati ya ubongo zinaanza kufa. Carl Wernicke, daktari wa Ujerumani, aliieleza hali hiyo mwaka 1881: mtu anachanganyikiwa, macho hayatembei sawasawa au yanachezacheza, na mwendo unakuwa wa kuyumba miguu imepanuliwa. Shida ni kwamba dalili zote tatu mara nyingi hazionekani pamoja, na pia zinafanana na ulevi wa kawaida, kwa hivyo mtu anaambiwa amelewa tu mwacheni alale. Kama hajanywa tangu jana na bado anayumba, huyo hajalewa.

Isipotibiwa inaweza kugeuka kuwa kile alichoeleza Mrusi Sergei Korsakoff mwaka 1887, kumbukumbu mpya hazishiki kabisa, unamuuliza alikula nini anakupa hadithi nzima ya uongo na hajui ni uongo, ubongo unajaza pengo. Hata hapo si wote wamepotea: wagonjwa waliofuatiliwa na daktari Maurice Victor na wenzake, kwenye kazi waliyoitoa 1971, karibu robo hawakupata nafuu yoyote, wengine wote walipata, kuanzia kidogo mpaka kupona kabisa. Lakini kwa nini ufike huko wakati sindano ya B1 ni bei rahisi.

Hosi ya kwanza tuliyompeleka (siitaji) walimtundikia dripu ya sukari bila hiyo B1. Sukari ikiingia peke yake inaweza kumaliza hata ile B1 kidogo iliyobaki. Kwa hivyo uliza kwa adabu lakini uliza: daktari, amepata thayamini? Iwe kabla ya sukari ama pamoja nayo, na siku za mwanzo iwe ya sindano, manake vidonge tumbo la mlevi linavinyonya kidogo sana. Vidonge vinafuata baadaye.

Hatua ya 3: Chakula

Hapa pwani tuna bahati. Mbaazi za nazi, kunde, pojo, maharagwe, karanga, mayai, ini, samaki, hivo vyote vina B1 au vitamini nyingine za B. Wali mweupe mtupu hauna kitu, hili lilijulikana tangu Mholanzi Christiaan Eijkman alipoona kuku wa Java wakilishwa mchele uliokobolewa wanapooza miguu. Mpe wali, sawa, lakini uwe na mbaazi juu yake. Kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, haswa wiki ya kwanza kama amekonda sana, usimshindilie. Atataka sukari sana, halwa, soda, chai tamu. Miezi miwili ya kwanza mimi sikumbishia, nilimbania tu soda za usiku.

Hatua ya 4: Jua ratiba, usimpime na akili za mwezi wa kwanza

Ubongo wa mlevi wa siku nyingi unasinyaa, hii si maneno, unaonekana kwenye skani. Sehemu kubwa ya kusinyaa ni zile nyaya nyeupe zinazounganisha sehemu na sehemu, na sehemu ya mbele nyuma ya paji la uso (hiyo ndiyo inapanga, inazuia hasira, inasema subiri), na serebela kule nyuma inayoshika mizani ya mwili. Mwaka 1978 huko Toronto, Peter Carlen na wenzake waliwapiga skani watu walioacha kisha wakawarudia baadaye, wakaona kusinyaa kumepungua. Kabla ya hapo wengi waliamini kilichosinyaa kimekwenda. Mwaka 2007 kikundi cha watafiti kiliwapima watu mwanzoni mwa kuacha na tena baada ya wiki 6 au 7, ubongo ulikuwa umejaa karibu asilimia 2. Inasikika ndogo, lakini ndani ya kichwa hiyo ni nyingi. Na 2023 kina Timothy Durazzo wa Marekani wakafuata unene wa gamba la ubongo kwa miezi 7 na kitu, katika sehemu 34 walizopima, 24 zikawa hazina tofauti na za watu wasio walevi. Kasi kubwa ilikuwa mwezi wa kwanza, halafu inaendelea polepole.

Lakini kujaa si sawa na kufanya kazi. Uchambuzi mmoja wa 2013 uliokusanya tafiti 62 ulionyesha kwamba kumbukumbu, umakini na kupanga mambo bado vinayumba kwa kiasi kwenye mwaka ule wa kwanza, na baada ya mwaka mmoja ndipo tofauti inabaki ndogo. Mwaka! Sisi tulikuwa tunamsema kakangu wiki ya tano, ati umeacha pombe mbona bado mjinga. Naumia nikikumbuka.

Kwa hivyo miezi ya mwanzo panga nyumba isitegemee sana kumbukumbu yake. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, usimwambie nenda sokoni, pitia kwa fundi, lipa stima, halafu umchukue mtoto, mwambie nenda sokoni, na vitu viandikwe. Daftari moja tu, kalamu imefungwa kwa uzi, likae mahali pamoja. Alamu za simu za dawa na chakula. Mwache arudie kwa maneno yake ulichomwambia, si kwa kumdharau, sema tu nihakikishie kama nimesema vizuri. Maamuzi makubwa kama kuuza shamba, kuoa, kuchukua mkopo, yangoje. Pesa zake sisi tulikaa tukakubaliana naye shemeji azishike miezi sita, na yeye ndiye alisema hivo, hatukumnyang'anya.

Kazi za hatari pia. Baharini hakwenda miezi minne, na kama mtu wako ni mgema ama ni wa bodaboda, usimruhusu kupanda mnazi wala pikipiki mpaka daktari aseme, sababu ya kifafa na sababu ya mizani. Najua njaa iko. Kakangu alishona nyavu za watu akiwa nchi kavu, na hiyo sindano ya nyavu ilimsaidia zaidi ya nilivyotarajia, wiki ya pili mkono ulikuwa unatetemeka anakosa tundu, mwezi wa tatu anashona huku anaongea.

Hatua ya 5: Bao

Hii hakuna daktari alinambia. Mzee mmoja jirani yetu ana bao barazani, akasema mlete. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na linataka ushike hesabu kichwani, uone kete zikizunguka zitaishia wapi, uzuie mkono usikimbilie. Yaani kazi zile zile za sehemu ya mbele ya ubongo.

Mwezi wa kwanza tulimwekea la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo. Alikuwa anachota, anasambaza, akifika katikati anasimama, mkono uko juu na kete tatu ndani, ananiangalia. Amesahau alianzia wapi. Huyu mtu kabla ya pombe kummaliza alikuwa anawashinda watu Mambrui. Mzee hakusema kitu, alimrudishia kete tu, akamwambia, "Anza tena mwanangu, bao halina haraka." Mwezi wa nne akaanza kunamua (ile hatua ya kwanza ya bao lenyewe, kuingiza kete moja moja kutoka akiba). Mwezi wa tisa nikamkuta anaangalia shimo la mwisho hata kabla hajachota, anatabasamu, nikajua ameiona kete yake itakapolala.

Simwambii mtu bao ni dawa. Nasema tafuta kitu anachokipenda kinachomlazimisha kufikiri, kila siku, nusu saa, kiwe rahisi kwanza kisha kigumu kidogo kidogo. Kama ni Kurani arudie sura fupi, kama ni kanisa ajifunze nyimbo, kama ni draft au karata (bila kamari) sawa.

Hatua ya 6: Kutembea

Mtafiti Kirk Erickson na wenzake 2011 walichukua wazee 120, nusu wakatembea dakika 40 mara tatu kwa wiki kwa mwaka, hipokampasi, ile sehemu ya kuweka kumbukumbu, ikakua asilimia 2. Hao hawakuwa walevi lakini sehemu ni ile ile, na kwa panya walioachishwa pombe seli mpya za sehemu hiyo ziliongezeka kwa kishindo baada ya wiki moja hivi (Nixon na Crews, 2004). Sisi tulitembea pwani alfajiri, maji yakiwa yametoka, mchanga mgumu, kutoka kwenye mnara wa Vasco da Gama kwenda upande wa Silversands na kurudi. Mchanga pia unafundisha mizani. Presha ipimwe, na sigara ijaribiwe kuachwa, manake presha ya juu na sigara vinachelewesha ubongo kurudi.

Hatua ya 7: Usingizi

Hapa ndipo wengi wanarudia pombe. Usingizi wa mlevi aliyeacha ni vipande vipande, ndoto kali, na unaweza kukaa hivo miezi, hata kupita mwaka. Mwambie mapema kwamba ni kawaida na itapungua. Aamke wakati ule ule kila siku, kwetu ilikuwa adhana ya alfajiri, hata kama amelala masaa mawili tu. Jua la asubuhi usoni. Kahawa tungu isipite adhuhuri. Na muguka (yale majani ya kutafuna, kama miraa) tafadhali, nimeona vijana wengi wanaacha mnazi wanaingia kwenye muguka, wanasema si pombe, lakini unawakesha, na mtu asiyelala ubongo wake unajengwa saa ngapi?

Hatua ya 8: Moyo wake

Wiki za mwanzo huzuni itakuwa nzito, hakuna kinachompa raha, hata mtoto akimchekea. Kwa wengi inapungua sana ndani ya wiki 2 mpaka 4 bila dawa yoyote. Ikipita hapo iko vile vile, ni ugonjwa wa peke yake, atibiwe. Akisema anataka kufa, hata kama mnaona anatania, msimwache peke yake na mwende hosi siku hiyo. Kuna namba ya NACADA (shirika la serikali ya Kenya la kupambana na ulevi na dawa za kulevya), 1192, bure, mchana na usiku, unaongea na mshauri.

Muulizie daktari pia dawa za kupunguza hamu, kuna naltreksoni na akamprosati. Ile disalfiramu inayomfanya mtu augue akinywa, usiwahi kumtilia kwenye chakula kwa siri, nimesikia watu wanafanya, inaweza kumuua.

Akirudia

Wengi wanarudia. Kakangu alirudia mara mbili, mara ya pili ilikuwa msiba wa baba mdogo, siku tisa anakunywa. Cha kujua ni kwamba kila kuacha kwa ghafla kunaweza kuwa kukali kuliko kule kwa mwisho, ubongo unazidi kuwa mwepesi kushika moto, kwa hivyo mtu aliyepita salama nyumbani mara ya kwanza anaweza kuanguka kifafa mara ya tatu. Rudi hatua ya 1, hosi, B1. Msimtukane, nguvu hizo ziweke kwenye nauli.

Na kama alikuwa anaendelea vizuri halafu ghafla anarudi nyuma, kichwa kinamuuma, analala sana, upande mmoja dhaifu, kumbuka kama aliwahi kuanguka na kujigonga hata wiki kadhaa nyuma, damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu. Akiwa na macho ya manjano, mikono inapigapiga kama bawa, analala mchana na kukesha usiku, hiyo ni ini linalotia sumu ubongo. Vyote viwili ni vya siku hiyo hiyo, si vya kesho.

Kisichorudi chote

Seli zilizokufa sehemu ya mbele hazifufuki, zilizobaki ndizo zinazojifunza kuchukua kazi. Mtafiti George Fein aliwapima watu walioacha wastani wa miaka 6.7 akakuta karibu kila kitu kimekaa sawa, kilichobaki nyuma ni kusoma nafasi na umbo la vitu. Miguu nayo huchelewa, haswa gizani, macho yasipoona serebela inabaki peke yake. Kakangu mchana anasimama kwenye mashua kama zamani. Usiku akitoka kwenda choo bado anashika ukuta, kwa hivyo taa ya uani kwetu haizimwi mpaka asubuhi, na mama ameshakubali bili ya stima.